Puliza Kopo Mwenyewe

Zaituni, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Sikuulizi hali. Uko chumba cha pili unakoroma, kwa hiyo najua u mzima. Mimi pia ni mzima, ila vidole vimekakamaa, maana tangu nimalize kisomo cha watu wazima sijaandika barua ndefu kuliko ile ya kuomba mbegu. Nitakapokosea herufi, soma kwa akili.

Mambo ya kufua, kuswali, kufunga mlango na kutokula ovyo njiani mama yako ameyasema tangu asubuhi mpaka kuku wameyajua. Sirudii. Wala siandiki kwa kuwa unakwenda mbali. Kibaha si Ulaya. Kungekuwa na njia ya kukatiza porini ungefika kwa miguu, lakini kwa kuwa basi lazima literemke mpaka Dar ndipo upande jingine, watu hapa wanalia kama unakwenda Hija.

Naandika kwa sababu ya maneno ya baba yako leo tulipokuwa tunakula. Mlidhani nimeinamia kisamvu changu, sisikii.

"Ukifika karakana," alikwambia, "wakikuuliza wewe mtoto wa nani, sema mtoto wa mkulima wa Chole. Basi."

"Na jina je, baba? Kwenye karatasi yangu imeandikwa Zaituni Shomari."

"Kina Shomari ni wengi."

Ukatazama sahani, ukasema, "Haya, baba."

Hiyo "haya, baba" yako imenikera mpaka sasa. Mkuu wa karakana unayokwenda ni Fundi Elia, na Fundi Elia ndiye aliyekuja hapa akasema baba yako ameua gari la kijiji kwa kulifunga vitu vya mashindano. Mtu huyo akikuona hufai atakurudisha, na karakana nyingine ya kuchukua msichana sijaisikia. Kwa hiyo baba yako anataka uingie kwa kunyata kama mwizi wa mihogo. Mimi sitaki. Gari lile nililiua mimi. Nilisema hivyo siku aliyokuja, mbele za watu, kwa sauti hii hii unayoijua, na hakuna hata mmoja aliyeniamini. Bibi kizee hawezi kuharibu injini, waliona. Labda aharibu wali.

Ulikuwa mdogo, unakumbuka moshi tu na watu kukimbia na ndoo. Ngoja nikueleze vizuri, maana utaulizwa na watu wanaojua kazi.

Gari lenyewe ilikuwa Landrova kuukuu, iliyoachwa na meneja wa shamba la mkonge, kijiji kikapewa. Kuwaka lilikuwa linawaka, lakini likibeba magunia na kukutana na mlima wa Kisarawe, abiria wote walishuka wakasukuma, pamoja na mimi na kitenge changu. Tuliwahi kumsukuma hata katibu wa tawi akiwa amekaa ndani, anasema anaumwa mguu.

Baba yako alikuwa amefanya kazi gereji moja ya Dar, kwa mtu aliyekuwa akishindana kwa magari. Mtu huyo alipofunga biashara na kuondoka nchini, akampa baba yako chombo kimoja cha chuma, kizito kama kinu. Wao walikiita supachaja. Sisi tulikiita feni. Kinazungushwa na mkanda wa injini, kazi yake kuisukumia injini hewa kwa nguvu, si kungoja ivute yenyewe. Baba yako alikifunga kwenye Landrova kwa vipande vya vyuma alivyokata mwenyewe kwa msumeno wa mkono. Siku ya kwanza gari lilipanda mlima ule watu wamekaa, magunia juu, na katibu na mguu wake. Tulipofika juu, watu walipiga vigelegele kama tumeleta bibi harusi.

Halafu oili ikaanza kutoka.

Injini ina tundu la kupumulia, na baba yako alinieleza habari yake mara moja tu, kwa pampu ya baiskeli. Aliniambia nizibe mdomo wa pampu kwa kidole nisukume. Nikasukuma. Hewa ikapenya pembeni mwa ile ngozi ya ndani ya pampu, ikanirudia mkononi.

"Ndivyo ilivyo kwenye ringi za pistoni, mama. Moto ukiwaka juu, hewa nyingine inapenya inashuka tumboni mwa injini, kwenye oili. Sasa tumeweka feni, inayoshuka ni nyingi zaidi. Lazima ipate pa kutokea."

"Isipopata?"

"Itatafuta."

"Itatafuta wapi?"

"Popote palipo dhaifu."

Na hewa hiyo haitoki peke yake. Inatoka na oili, kama mvuke wa chungu unavyotoka na harufu ya mchuzi. Ikirudishwa kwenye injini ikaungue, gari linafuka moshi wa buluu na feni inajaa utelezi. Ikiachiwa nje, inadondokea ekzosi, na abiria wanafika ofisi za wilaya wananuka kama taa ya chemni. Na miaka ile oili haikupatikana. Sabuni yenyewe tulikuwa tunapanga foleni, sembuse oili. Ulikwenda na kibali, ukarudi na kibali.

Baba yako akatengeneza kopo. Unalijua, ndilo hilo lililo juu ya begi lako, na usiseme ni zito. Lilikuwa kopo la maziwa ya watoto. Fundi bati wa Kisarawe alilichomelea kwa risasi ya kulehemu, akatia ndani vipande vya bati vya kuikinga hewa, na chini akaweka kibomba cha jiko la stovu. Mpira mmoja unatoka kwenye injini unaingia kwenye kopo. Mpira wa pili unatoka kwenye kopo unakwenda kwenye pua ya feni, pale inapovutia hewa. Oili inagonga bati, inaganda, inashuka chini. Hewa inapita. Lakini oili nyingi bado ilikuwa inapita nayo, na baba yako akasema angepata nyuzi za chuma za kusugulia masufuria angeweka ndani zimkamatie. Dar nzima nyuzi hizo hazikuwepo.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, sikuitwa na mtu. Nikamwambia, tui tunalichuja kwa kifumbu, na kifumbu hatukununua Dar. Nikachukua usumba, zile nyuzi za makumbi tunazosokotea kamba, nikauosha, nikauanika, nikauchambua. Baba yako akauangalia, akacheka, akasema tujaribu.

"Lakini weka kidogo, mama. Ulegee. Kama kiota cha ndege, siyo kama godoro."

Ilifanya kazi. Nakwambia ilifanya kazi vizuri kuliko bati lake, na andika hilo kichwani mwako, watakapokucheka useme bibi yako aliliona kabla yao. Jioni tulifungua kibomba, ikatoka kitu cheupe kizito, tui kabisa. Maji na oili vimechanganyika. Nilikipika kwenye sufuria mbovu kama ninavyopika mafuta ya nazi, maji yakalia yakaisha, oili ikabaki inang'aa. Nikampelekea baba yako nikijisikia. Akakataa kuirudisha kwenye injini. Akasema imeshiba moshi na petroli, haina nguvu tena ya kulainisha chuma, na kwamba nikipika tena, petroli ile itaniunguza nyusi. Nilinuna. Nikaipaka nguzo za nyumba kuzuia mchwa, na nguzo hizo ndizo zinazokuhifadhi hivi sasa unavyokoroma.

Kijiji kikanipa kazi ya kopo. Kabla ya kila safari nilitakiwa kulifungua mipira yote miwili, nipulize kwa mdomo. Upepo ukipita bila taabu, gari liondoke. Mashavu yakijaa, nisilifunge, nimwite Shomari. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, hakuna nyingine. Vijana wakaniita Bibi Kopo. Nikipita walisema, "Bibi Kopo, leo ng'ombe wako katoa kiasi gani?" Nami nilijibu, "Zaidi ya mama yako." Nilipenda jina hilo. Sikuonyesha.

Sasa sikia nilivyokosea, maana ni kosa la mtu mwenye akili, si la mjinga.

Nilihesabu hivi: usumba kidogo umekamata oili kiasi hiki, basi usumba mwingi utakamata mara mbili. Mwaka huo ungemwonyesha mtu yeyote tone la oili angewaza hivyo. Jioni kabla ya safari ya korosho nilitoa usumba wa zamani, nikatia mpya, nikaongeza, nikashindilia kwa mpini wa mwiko mpaka ukakataa. Sikumwambia baba yako. Nilitaka aone jioni ya pili kibomba kikitoa, ndipo nimwambie, aone nani fundi.

Asubuhi gari limejaa korosho za kijiji kizima, watu juu ya magunia, na kituo cha kununulia kilikuwa kinakaribia kufungwa. Nikapuliza kopo. Mashavu yakajaa. Nikapuliza tena, ikapita kidogo, kwa kulia, kama mtu mwenye pumu.

Kijana mmoja juu ya gunia akasema, "Bibi Kopo leo kazeeka."

Wakacheka wote. Nami, Zaituni, nikaamini. Kifua changu kilikuwa kimenisumbua tangu masika, usiku nilikohoa, mchana nilificha. Nikasema moyoni, ni mimi, siyo kopo. Na kwa kuwa sikutaka watu wajue kifua changu kimechoka, nikasema kwa sauti, "Linapita. Funga."

Baba yako akaniuliza, "Limepita vizuri?"

"Nimesema linapita. Unataka nikuapie?"

Akafunga.

Tulipita kijiji cha Kibuta vizuri. Tulipoanza mlima, feni ikalia kama kawaida yake, gari likavuta, halafu nikasikia kitu kama kizibo cha soda. Kile kijiti cha kupimia oili kiliruka kutoka mahali pake kikagonga boneti kwa ndani. Baba yako alidhani ni jiwe. Nyuma ya injini sili, ule mpira wa kuzuia oili, ilikuwa imeshatoka, na oili inamwagika barabarani, udongo mwekundu wote umekuwa mweusi, lakini sisi tulikuwa tunatazama mbele. Taa ya kuonya oili haikuwa na balbu, balbu zenyewe tulizikosa kama oili. Injini ikaanza kugonga. Ikagonga mara chache, ikakaza, ikanyamaza. Moshi ukatanda. Watu wakaruka na magunia yakaruka nao.

Baba yako alifungua boneti. Hakugusa kitu kingine, aliliendea kopo moja kwa moja, akachomoa mipira, akaweka mdomo, akapuliza. Nikaona mashavu yake yakijaa. Akanitazama.

Nikasema, "Ni mimi."

Akasema, "Nyamaza, mama."

Hilo ndilo neno la mwisho alilosema siku ile.

Korosho zilibebwa kwa vichwa na baiskeli, nyingine zikanyeshewa, na kituo kikafungwa kabla hazijafika zote. Kikao kilifanyika darasani, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanatugonga kidevuni. Fundi Elia aliitwa kutoka Kibaha aje akague. Mtu wa bara, mrefu, ovaroli imepigwa pasi. Alitazama feni, akaguna, akasema kitu cha mashindano hakifungwi kwenye gari la kubebea mihogo, kimeizidi nguvu injini ikapasuka. Kopo hakulifungua. Lilikuwa mezani mbele yake, na alilisogeza kwa kiwiko cha mkono apate mahali pa kuandikia.

Nikasimama. Nikasema, "Feni haina kosa. Kosa ni usumba. Nilishindilia mimi kwa mwiko."

Watu wakacheka, Zaituni. Yeye hakucheka, alikuwa na adabu zake. Alisema, "Mama, Mungu akubariki. Kila mama humtetea mwanawe."

"Simtetei. Nakueleza. Puliza hilo kopo."

"Kaa, mama. Tumekuelewa."

Akamgeukia baba yako. "Shomari, una la kusema?"

Baba yako akasimama, mikono nyuma, macho chini. Akasema, "Sina." Akakaa. Wakamnyang'anya ufunguo, feni wakaipeleka Kibaha, na tangu hapo anatengeneza baiskeli.

Nimeliwaza hilo kuliko usumba. Usumba ni jambo la siku moja. Ile "sina" ilikuwa na miaka yake. Baba yako alipokuwa mdogo alikuwa na maneno mengi, kila kitu lazima akueleze kwa nini. Kavunja mtungi, ana sababu. Kachelewa kisimani, ana sababu, na mara nyingi sababu yenyewe ilikuwa ya kweli. Mimi nilikuwa na shamba, na babu yako anaumwa, na sikuwa na wakati wa sababu. Nikisikia tu amefungua mdomo nilisema, usinijibu. Nilimchapa kwa kujibu kuliko nilivyomchapa kwa kuvunja. Watu walinisifu: mtoto wa Bi Mwanaidi ana adabu, hamjibu mkubwa. Nilitembea na sifa hiyo hapa kijijini kama nimevaa dhahabu. Basi siku alipoulizwa na mkubwa ajibu, akafanya kama nilivyomfundisha.

Na asubuhi ile ya korosho alijua nimepuliza kwa taabu. Aliona. Aliniuliza mara moja, nikamfokea, akafunga mpira. Mtu mwingine yeyote angelichukua kopo mikononi mwangu.

Siandiki haya unihurumie. Ukinihurumia nitajua, na nitakukasirikia. Naandika kwa sababu leo kwenye sahani yako nimesikia "haya, baba" ikitoka kwa sauti ile ile.

Na usimfanye baba yako malaika. Baada ya kikao alikaa siku nyingi anachora mchangani, mwisho akaniambia naye alikosea: mpira wa kupumulia ulikuwa mwembamba, ule ule wa zamani kabla ya feni. Injini inayosukumiwa hewa ingetakiwa mpira mnene, au miwili, na kopo kubwa zaidi. Kopo letu lilikuwa dogo hata kabla ya mwiko wangu. Wakikuuliza, liseme na hilo. Ukificha la baba yako, hawataamini la kwangu, na mimi nimechoka kutoaminiwa.

Nimekuwekea vitu viwili. Kopo lenyewe, na ndani ya mfuko wa kaki lile bonge la usumba la siku ile. Nililitoa kopo lilipoachwa darasani, na limebaki na umbo la kopo mpaka leo, gumu kama mkate wa juzi. Fundi Elia akikuuliza mtoto wa nani, mwambie wa Shomari wa feni, wa Chole. Usingoje akuulize mara mbili. Akinuna, anune. Akikupa kazi ya kufagia, fagia. Siku atakayokuwa na nafasi, tia bonge ndani ya kopo, mpe apulize. Halafu litoe, mpe apulize tena. Usiongeze neno. Ni fundi, mashavu yake yatamweleza.

Akikataa kupuliza, basi amekataa, utakuwa umesema. Jifunze kazi yake hata hivyo, maana anaijua. Nilimwona akigusa zile beringi zilizoungua. Alizishika taratibu, kama mtu anayeosha maiti ya jamaa. Mtu wa namna hiyo si mbaya. Siku ile tu alikuwa na haraka ya kuandika.

Nasikia feni bado ipo kwao, kwenye kona ya stoo, na kuku wa mlinzi wanatagia humo. Iangalie kama mkanda wake unazunguka. Baba yako hatauliza. Mwandikie yeye, siyo mimi, umweleze.

Asubuhi atakupeleka kituoni kwa baiskeli. Mwambie wewe mwenyewe, kabla hujapanda basi, kwamba utasema jina lake. Atakwambia nyamaza. Wewe jibu. Nakuruhusu, mimi niliyemkataza yeye.

Taa inakwisha mafuta na mama yako ameshaanza kugeuka kitandani. Kopo nimelisafisha leo alasiri, nikatia usumba mpya, kidogo, umelegea kama kiota. Nimelipuliza, na kwa kifua changu hiki limepita.

Lakini nilishawahi kusema hivyo. Ukiamka, kabla hujafunga begi, puliza mwenyewe.

Mimi bibi yako,
Mwanaidi, niliyeua gari